Mama hataki mashine: tuandike hati gani?

SWALI: Shikamoo Wakili. Mama yetu ana miaka 74, anaishi Marangu na anahudhuria kliniki ya figo KCMC. Akili yake ni timamu. Anasema hali ikifika mwisho hataki kusafishwa damu wala kuwekewa mashine ya kupumulia. Kaka yetu mkubwa, aliye Dar, hataki hata kulisikia. Nimepakua fomu ya Uingereza mtandaoni. Mama akiisaini, hospitali italazimika kuifuata? Msomaji, Moshi.

JIBU: Marahaba. Fomu hiyo iacheni. Imetungwa kwa sheria yao ya mwaka 2005, na Bunge letu halijatunga sheria kama ile. Hapa hakuna karatasi inayomfunga daktari moja kwa moja. Lakini kuna jambo moja la kuazima kwao: kule, kukataa tiba ya kuokoa uhai hakuhesabiki mpaka kuandikwe, kusainiwe mbele ya shahidi, na kueleze wazi kwamba uamuzi unasimama hata kama uhai uko hatarini.

Kwetu kinachomlinda mama ni ridhaa yake, na Ibara ya 16 ya Katiba inayoiheshimu nafsi ya mtu. Taabu huanza siku asipoweza kusema. Daktari anaikumbuka Ibara ya 14, haki ya kuishi, anamwona kaka ameshuka kwenye basi la Dar akiwa amekasirika, na kama hana ushahidi wa alichotaka mama, ataweka mashine. Hati yenu ndiyo ushahidi huo.

Msiliweke jambo hili kwenye wosia. Wosia haufanyi kazi mpaka mtu afariki, na mara nyingi husomwa baada ya matanga. Hati ya uwakilishi, ile wazee wanayowapa watoto kwa mambo ya benki na viwanja, nayo hukoma mtoaji anapopoteza uwezo wa akili, yaani wakati uleule mnapoihitaji. Andikeni hati ya kiapo mbele ya wakili ambaye ni kamishna wa viapo.

Iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, yenye namba yake ya NIDA, namba ya faili la hospitali, na ugonjwa kama daktari alivyomweleza. Kisha ataje tiba moja moja. "Nisiteseke" haimsaidii daktari wa zamu saa nane usiku. Aseme hivi: "Madaktari wawili wakithibitisha kwamba sitapata nafuu na siwezi kujieleza, sitaki mashine ya kupumulia, sitaki kukandamizwa kifua moyo ukisimama, sitaki kusafishwa damu. Uamuzi huu unasimama hata kama uhai wangu uko hatarini. Nataka dawa ya maumivu, nafuu ya pumzi, kuoshwa na kugeuzwa kitandani." Sentensi ya mwisho msiiruke, bila hiyo mtu anaweza kudhani amekataa huduma zote. Mrija wa kulishia na antibiotiki navyo aviamue sasa.

Hati isiombe chochote cha kuharakisha kifo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua, na neno moja la namna hiyo litawafanya madaktari waiogope hati nzima.

Mashahidi wawe wawili, wasio warithi, ili asije mtu akasema mama alishinikizwa kwa ajili ya shamba. Daktari wake athibitishe kwa maandishi, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwamba ana akili timamu na ameelewa matokeo ya kukataa. Hapa msichelewe: figo zikishindwa, taka hulundikana kwenye damu na mgonjwa huweza kuchanganyikiwa. Kiapo alichoapa wiki hiyo kitapingwa kirahisi. Kama hasomi, asomewe yote, aweke dole gumba, na kamishna aandike kwamba amesomewa na ameelewa.

Hati halisi ibaki kwa anayemuuguza, si kabatini kwa mwanafamilia aliye safarini. Nakala moja iende kwenye faili, na mwombeni daktari aandike uamuzi huo kwa mkono wake kwenye kurasa za matibabu, kwa kuwa karatasi iliyochomekwa tu hudondoka. Mkikimbilia hospitali ya Mawenzi usiku, faili la KCMC halipo, kwa hiyo bebeni nakala.

Kaka hana mamlaka ya kutengua alichoamua mama, ila anaweza kuleta mvutano wodini. Ombeni kikao na daktari mapema, kaka awe kwenye simu, na mama azungumze mwenyewe. Aelezwe pia kwamba mama anaweza kuifuta hati wakati wowote, hata kwa mdomo, na kwamba ataisaini upya kila hali ikibadilika.