Maswali ya Wasomaji: Akaunti mpya ya muuzaji, laini iliyokata ghafla na simu ya "benki"

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu fedha zinazochukuliwa kwa barua pepe na simu. Tumejibu tano. Kama kazini kwako mnalipa wauzaji wa nje, soma la kwanza kabla hujafungua ankara nyingine.

Habari za kazi wahariri. Mimi ni mhasibu wa duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo. Muuzaji wetu yuko Guangzhou, mwaka wa nne sasa tunachukua mzigo kwake. Jana imekuja ankara tuliyokuwa tunaisubiri, kiasi kile kile, dola 18,400, ila chini wameandika kwamba akaunti yao ya zamani iko kwenye ukaguzi, tulipe kwenye akaunti mpya ya Hong Kong. Nembo ni yao, hata utani tuliozoeana umo. Bosi anataka TT (malipo ya benki kwenda nje) itoke kesho asubuhi. Nilipe?
*Mhasibu, Dar es Salaam*

Usilipe, ndugu yetu, na mwonyeshe bosi jibu hili. Akaunti kubadilishwa katikati ya biashara ndiyo dalili kubwa kuliko zote, na hiyo "kesho asubuhi" ndiyo anayoitegemea tapeli.

Mpigieni muuzaji kwa namba mliyokuwa nayo zamani, iliyo kwenye ankara za mwaka jana, au kwenye WeChat mnayozungumza naye siku zote. Namba iliyo chini ya barua ya jana msiiguse, kwa sababu aliyeandika barua ndiye aliyeiweka. Ikiwezekana iwe simu ya video na mtu mnayemjua sura, maana sauti siku hizi huigwa. Kisha yeye ndiye ataje jina la benki na tarakimu nne za mwisho za akaunti, ninyi mlinganishe na karatasi. Ukimsomea wewe, mtu mwenye shughuli nyingi ataitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikiliza.

Huenda unajiuliza kiasi na utani vimejulikanaje. Kuna mtu yumo ndani ya sanduku la barua, lenu au la muuzaji, na huenda yumo kwa wiki kadhaa. Mara nyingi huingia hivi: mmoja wenu alipokea linki ya "hati uliyotumiwa", ukurasa ukafunguka unaofanana na wa kuingilia barua pepe, akaandika nywila yake. Tangu hapo tapeli anasoma tu. Haibi kitu mpaka ankara kubwa ikaribie kulipwa.

Sasa itazame barua yenyewe, tena kwenye kompyuta, kwa sababu simu huonyesha jina tu. Bonyeza jina la mtumaji uone anwani yote, uisome herufi moja moja. Herufi r na n zikikaa pamoja huonekana kama m, mwisho wa .com hugeuzwa .co, kistari huongezwa katikati ya jina. Halafu bonyeza kujibu, bila kutuma, uangalie jibu linakwenda anwani gani. Ikiwa barua inatoka kwenye anwani sahihi lakini jibu linaelekea kwingine, basi umeshampata. Ila anwani ikiwa sahihi pande zote usifurahi bado: kama sanduku la muuzaji ndilo lililoingiliwa, barua inatoka humo humo, na kila kipimo cha kompyuta kitasema ni halali. Ndiyo sababu tunasisitiza simu.

Tazama pia msimbo wa SWIFT, ule unaoitambulisha benki ya mpokeaji. Una herufi na tarakimu 8 au 11, na herufi ya tano na ya sita ni nchi. CORUTZTZ ya CRDB ina TZ hapo, benki ya China itakuwa na CN, ya Hong Kong HK. Muuzaji wa Guangzhou kuwa na akaunti Hong Kong si ajabu, wengi wanazo. Lakini akaunti ikitokea nchi ambayo hamjawahi kufanya nayo biashara, simamisheni kila kitu. Wala msitegemee kwamba jina lisipolingana benki ya kule itazirudisha fedha, kwani benki nyingi huziingiza kwa kufuata namba ya akaunti.

Kutuma kwanza dola 50 za majaribio hakusaidii kama uthibitisho mtausubiri kwa barua pepe hiyo hiyo. Tapeli atajibu "tumepokea, asanteni" ndani ya dakika mbili.

Mkishazungumza na muuzaji, safisheni sanduku lenu, na mpangilio una maana. Tumia kompyuta unayoiamini. Anza kubadilisha nywila, halafu toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kisha angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti kama bado ni zenu. Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio, sehemu ya vichujio na ya kusambaza barua kwenda anwani nyingine. Hapa ndipo wengi wanaposahau. Tapeli hujiwekea kanuni kwamba kila barua yenye jina la muuzaji au neno "invoice" ihesabiwe imesomwa na ihamie kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua; kwenye Outlook wanaipenda sana ile ya RSS. Hivyo muuzaji wa kweli anauliza "mbona hamjalipa?" na ninyi hamuoni. Ukibadilisha nywila ukaiacha kanuni ya kusambaza barua, ataendelea kupata nakala. Futa kanuni yoyote usiyoijua, kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu kama Google Authenticator badala ya SMS.

Na kama mtu anayesoma hapa ameshalipa: piga simu benki yako sasa hivi, omba kitengo cha udanganyifu, uwaambie watume ombi la SWIFT la kurudisha muamala. Wape namba ya ufuatiliaji wa muamala, UETR, yenye herufi na alama 36. Kama huna, benki inayo. Saa ndizo zinazoamua. Fedha zikishaingia kwenye akaunti ya mpokeaji, kwa kawaida benki ya kule haizitoi bila ridhaa yake au amri ya mamlaka, na yeye huzihamisha haraka. Nenda polisi siku hiyo hiyo upate RB, namba ya taarifa yako, kwa sababu benki zote mbili zitaidai. Kosa lenyewe limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Barua ya tapeli usiifute, ni ushahidi.

Hamjambo. Nasikia watu wanabadilishiwa laini, simu inakufa na akaunti inakombwa. Nitajuaje, na nijikinge vipi? Kufunga laini kwa PIN kunatosha?
*Mwalimu, Kisumu*

Hatujambo, mwalimu. Hiyo PIN ya laini inamzuia aliyekuibia simu mkononi. Ni nzuri, iwashe (ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kuifungulia laini, na PUK ukiikosea mara kumi laini inakufa), lakini haimzuii anayekwenda kuomba laini mpya kwa jina lako, kwani laini mpya haina PIN yako.

Dalili ni simu kukosa mtandao kabisa, hata kupiga haipigi, huku wa mtandao huo huo walio karibu yako wanapata. Usilale ukisubiri uzime na kuwasha kesho. Azima simu, jipigie. Ikiita mahali pengine, au ikipokewa, laini imeshahama. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako waifunge, papo hapo upige benki zote wafunge huduma ya simu na ya intaneti. Benki isisubiri umalize na mtandao; mkiwa wawili, mmoja apige huku na mwingine kule.

Kujikinga: Safaricom ina *100*100#, ambayo humzuia wakala kubadilisha laini yako, hadi uende mwenyewe dukani kwao. Piga leo. Kwa Tanzania na Kenya, *106# hukuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda ikaondolewe.

Aliyechukua laini bado anahitaji namba yako ya siri. Kwa hiyo siku moja au mbili kabla, mara nyingi kuna mtu hupiga akijifanya wa huduma kwa wateja, akauliza mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho, namba ya siri "ya kuthibitisha". Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 pekee. Mwingine yeyote akijiita Safaricom, kata, na namba yake uitume kwa SMS kwenda 333, bila malipo.

Shikamooni. Nina duka la M-Pesa na vocha. Mtu alipiga analia, kasema amenitumia 150,000 kwa makosa, na kweli SMS ilikuwepo. Nimrudishie?
*Mama muuza duka, Morogoro*

Marahaba, mama. Usimrudishie kwa mkono wako, hata kama fedha ni za kweli.

Kwanza angalia salio kwa *150*00#, si kwa SMS. SMS ya kubuni hutoka kwenye namba ya kawaida ya 06 au 07, ingawa maneno yamenakiliwa vizuri hadi nafasi na nukta. Salio halijapanda, hakuna fedha.

Salio likiwa limepanda, mwambie apige 100, huduma kwa wateja ya Vodacom, aombe muamala urudishwe na mtandao. Ukimtumia wewe mwenyewe, anaweza bado kuomba urejesho wa ule wa kwanza, nawe ukatoa mara mbili. Mwenye shida ya kweli atakubali kusubiri. Tapeli ataongeza kilio, kisha atatukana.

Na zile SMS za "ile hela nitumie kwenye namba hii", usijibu hata kwa kumtania. Namba iliyozituma peleka 15040, ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Iwapo unadaiwa kweli na mtu, mpigie kwa namba unayoijua.

Assalaam aleikum. Nimepigiwa simu, namba iliyotokea ni ya benki yangu hasa, wakasema mtu anaiba akaunti, nihamishe pauni zangu kwenda "akaunti salama". Nilikata. Nilifanya sawa? Na ningehamisha, ningelipwa?
*Msomaji, Leicester, Uingereza*

Waaleikum salaam. Ulifanya sawa kabisa. Namba inayotokea kwenye kioo hughushiwa, na hakuna benki inayomwambia mteja ahamishe fedha ili zisalimike. Kwa Uingereza kata, subiri kidogo, piga 159. Inakuunganisha na benki yako mwenyewe, kwa benki nyingi kubwa.

Kuhusu kulipwa: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, aliyedanganywa akahamisha fedha ndani ya Uingereza kwa Faster Payments au CHAPS (mifumo ya malipo ya benki za huko) anastahili kurejeshewa hadi pauni 85,000. Benki inaweza kukata hadi pauni 100. Dai lifike ndani ya miezi 13 tangu malipo ya mwisho. Kama si mzembe wa kupindukia, dai kwa nguvu, usione haya.

Ila kinga hii haifiki malipo ya nje ya nchi. Tunaandika hili kwa uchungu, kwa sababu wengi wenu mnanunua viwanja Zanzibar, Bagamoyo au Kilifi kwa kutuma fedha moja kwa moja kwa dalali wa WhatsApp. Hizo zikipotea, sheria ya Uingereza haikusaidii. Mwambie wakili wako mwenyewe, si wa dalali, aende ofisi ya ardhi kabla hata senti haijaondoka.

Rafiki kanitumia ujumbe nipige **21*, halafu namba fulani, halafu #, eti nipate bando la bure. Nimepiga. Sasa WhatsApp imetoka.
*Mwanafunzi, Unguja*

Umehamishia simu zako zote kwa mtu huyo. WhatsApp ilipopiga kusoma namba ya uthibitisho, simu ilikwenda kwake. Huyo "rafiki" naye amekwisha ibiwa akaunti, mpigie umwambie.

Piga ##002# sasa, inafuta uhamishaji wote wa simu. Hakikisha kwa *#21#. Kisha sakinisha WhatsApp upya, weka namba yako, ingiza tarakimu sita zitakazokuja kwa SMS; mwizi atatolewa papo hapo. Ikikudai PIN ambayo hukuiweka wewe, ameiweka yeye, na utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo. Hata hivyo yeye hayumo tena. Siku hizo 7 wapigie ndugu, kuanzia wazee, na makundi ya familia, waambie wasitume fedha kwa ujumbe wowote uliotoka kwako. Ukisharudi: Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke PIN yako na barua pepe.