Mhandisi Anajibu: Daraja Lavunjwaje Ilhali Bado Limesimama?

SWALI: Bwana Mhandisi, mimi ni mwalimu mstaafu wa huku Muhoroni. Katika baraza la chifu tumearifiwa kwamba daraja letu la zamani, ambalo matrekta ya miwa hulipita usiku na mchana, litabomolewa na jipya kujengwa, na kwamba njia panda iliyo hatua chache kutoka hapo itageuzwa kuwa mzunguko. Nimelikagua daraja kwa macho yangu nisione kasoro ila ufa mmoja ubavuni. Je, si afadhali ufa huo uzibwe, na fedha zitakazosalia zijaze mashimo ya barabara?

JIBU: Mwalimu, uzito wa matrekta huchosha daraja, lakini adui wake mkubwa ni mto wenyewe. Maji ya mafuriko yakizuiwa na nguzo hujizungusha kwa nguvu na kuchimba udongo unaoshikilia msingi. Kisha mafuriko yanapopungua, shimo lile hujaa tena mchanga na tope jepesi lisiloweza kubeba chochote, hivi kwamba anayechungulia mwezi wa Januari huona chini pametulia na kudhani msingi uko salama. Nyinyi mnaokaa karibu na Nyando mnajua jinsi mto huo unavyoteremka umebeba udongo na magogo. Magogo hayo yakikwama kati ya nguzo, uwazi wa maji hupungua na uchimbaji huzidi. Ndiyo sababu madaraja ya siku hizi huinuliwa juu zaidi na kupunguziwa nguzo zinazosimama majini.

Ufa nao usiudharau. Maji yakipenya zege hufikia nondo, nondo zikashika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege hubanduka kutoka ndani. Ukiona michirizi ya rangi ya kutu ukingoni mwa ufa, basi kupaka saruji juu yake ni kufunga bendeji jipu ambalo halijatumbuliwa.

Hata hivyo sisemi kila daraja kuukuu livunjwe. Msingi ukiwa umekaa juu ya mwamba na nguzo zikiwa nzima, sakafu ya juu inaweza kubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Kwa hiyo swali la kuuliza barazani ni moja: walipochimba kuupima msingi, walipata nini?

Kuhusu njia panda, naona ni sahihi kazi hizo mbili zifanywe pamoja, kwa sababu daraja likiinuliwa, barabara inayoliingia huinuka pia, na dereva anayeteremka kutoka darajani hawezi kumwona wa bodaboda anayejitokeza ubavuni. Katika njia panda ya barabara nne, njia za magari huweza kugongana katika sehemu 32. Katika mzunguko wa safu moja, sehemu hizo hubaki 8, tena mwendo huwa umepungua. Shaka yangu iko kwenye trela za miwa. Mzunguko mdogo utazibana, na magurudumu ya nyuma yatapanda kisiwa cha katikati, hivyo kisiwa hicho kizungushiwe ukanda mpana wa mawe unaokanyagika. Ningependa pia mzunguko wenyewe usogezwe mbali kidogo na daraja, ili foleni isisimame juu yake.

SWALI: Mimi ni mama wa ndizi, Ahero. Barabara ikipanuliwa, sisi wa kando ya lami tutalipwa?

JIBU: Mama, mwenye shamba linalotwaliwa hulipwa fidia kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu hata anayekaa kwa nia njema bila hati afikiriwe. Lakini ukanda wa barabara tayari ni mali ya umma, na kibanda kilichomo humo hakina madai yenye nguvu. Dai soko lenye paa, mbali na lami. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori liliacha njia likawavamia wachuuzi na waliongoja magari, wakafa watu zaidi ya 50.

SWALI: Malalamiko kuhusu daraja tupeleke wapi? Msomaji, Butere.

JIBU: Inategemea barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu ni za mamlaka ya KeNHA, za mijini ni za mamlaka ya KURA, na za vijijini za kitaifa ni za mamlaka ya KeRRA. Zilizobaki ni za kaunti. Mkipata nafasi ya kuuliza, ulizeni mchepuko utapita wapi na msingi utachimbwa mwezi gani. Daraja la Sigiri kule Budalang'i liliporomoka mwezi Juni 2017 kabla halijakamilika, kwa hiyo msiwahimize mafundi waharakishe: zege hupimwa nguvu zake baada ya siku 28, na shimo la msingi lililoachwa wazi hadi mvua za Machi litajaa maji.