Maswali ya Wasomaji: Plastiki ya Mitaani Inapofika Baharini, Ni Nani Alipe?

Swali: Ndugu Mhariri, nina genge la nyanya na mboga Tandale. Mwaka 2019 tulipoambiwa tuache mifuko ya rambo, tuliacha. Sasa tunasumbuliwa kwa ajili ya vimfuko vyeupe laini tunavyofungia mafungu ya nyanya, na wakaguzi wakipita ni faini. Lakini mvua ikinyesha, mtaro ulio nyuma ya genge langu hujaa makopo ya maji, na sijasikia mwenye kiwanda akitozwa hata shilingi. Je, sheria hizi ni za kulinda bahari au za kutukamua sisi wadogo?
(Mama wa genge, Tandale)

Jibu: Dada yetu, kanuni zilizoanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hazikutungwa kwa kumlenga mwenye genge. Ukizisoma utaona kwamba adhabu kali kuliko zote amewekewa anayetengeneza au kuingiza nchini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambaye faini yake haipungui shilingi milioni 20 na inaweza kufika bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka miwili, ilhali anayekutwa nayo mkononi hutozwa kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au hufungwa kwa muda usiozidi siku saba. Kwa maandishi, basi, mzigo mkubwa amebebeshwa mkubwa. Utekelezaji ndio unaogeuza mambo, kwa kuwa kiwanda kina ukuta na geti, genge liko wazi kando ya barabara, na ukaguzi usiosimamiwa vizuri humwangukia aliye karibu. Mna haki ya kulifikisha jambo hilo katika ofisi ya serikali ya mtaa na kudai kwamba msako uanzie kwa anayewauzia vimfuko hivyo kwa jumla.

Kuhusu vimfuko vyenyewe, sitakuficha. Kanuni zilisamehe vifungashio vya bidhaa ambazo ni vigumu kuzifunga kwa njia nyingine, kama vile dawa, bidhaa za viwandani, mahitaji ya kilimo na vyakula vilivyosindikwa, na mwanya huo ndio uliotumiwa kuurudisha gengeni mfuko mwembamba usio na mshikio. Kifungashio kazi yake ni kufungia; mteja anapoondoka na nyanya zikining'inia kidoleni ndani ya kimfuko hicho, tayari kimekuwa mfuko wa kubebea, na hapo sheria imevunjwa. Hata ule mfuko mbadala wa rangi unaofanana na kitambaa, ambao unatakiwa uwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba, umetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Faida yake yote iko katika kurudiwa kutumika, kwa hiyo mteja anayenunua mpya kila siku hajaisaidia bahari. Kapu la ukindu na kikapu cha kamba walivyokuwa wakienda navyo sokoni mama zetu bado vinauzwa, na ningefurahi kuona wenye magenge wakimpunguzia bei kidogo mteja anayekuja na chombo chake.

Sasa nije kwenye makopo, ambako naona hoja yako ina nguvu zaidi. Ili kuelewa kwa nini mfuko ulipigwa marufuku na chupa ikaachwa, nenda mahali popote jijini wanakopima makopo kwa kilo. Utamwona kijana akishusha viroba kutoka kwenye guta, kisha anakaa chini kung'oa vizibo, kuchana lebo na kutenga chupa zisizo na rangi na zile za kijani, kwa sababu chupa, kizibo na lebo ni plastiki za aina tofauti na haziyeyushwi pamoja. Ile chupa ina bei. Mfuko wa rambo haukuwa na bei, kwani ni mwepesi kiasi kwamba ilihitajika zaidi ya mifuko mia moja kutimiza kilo moja, tena ikiwa imejaa matope. Kitu ambacho hakuna atakayeinama kukiokota hubaki pale kilipoangukia mpaka maji yakichukue, na kwa kitu cha namna hiyo naamini marufuku ndiyo njia sahihi. Bangladesh iliipiga marufuku mifuko myembamba mwaka 2002, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo, baada ya mifuko hiyo kuonekana ndiyo inayoziba mitaro ya Dhaka wakati wa mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na 1998. Mkazi wa Jangwani, bonde letu la Dar es Salaam linalofurika, hahitaji kuelezwa zaidi. Ireland, mwaka huohuo wa 2002, ilichukua njia ya tozo: kila mfuko ulilipiwa senti 15 za yuro kaunta, na matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Chupa yenye bei inahitaji sera nyingine, na sera hiyo tunaijua tangu utotoni. Ukimtuma mtoto dukani akalete soda ya chupa ya kioo, muuzaji atamwambia arudi na chupa tupu au aache pesa ya chupa. Kwa utaratibu huo mdogo, kreti zimezunguka kati ya kiwanda na duka la mtaani kwa miongo mingi, na chupa za kioo za soda hazikuwahi kujaza mitaro yetu kama yanavyoijaza makopo ya plastiki. Ujerumani iliweka amana ya namna hiyo kwa chupa za plastiki na makopo ya bati mwaka 2003, na leo mnunuzi huacha senti 25 za yuro, akazichukua anaporudisha chupa. Lithuania ilianza mwaka 2016, na ndani ya miaka miwili kiwango cha chupa zinazorudishwa kilivuka asilimia 90. Huko mwenye kiwanda ndiye anayelazimika kushiriki kugharimia ukusanyaji, kulingana na wingi wa anachokiingiza sokoni. Kenya nayo, kwa sheria yake ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022, imeweka wajibu wa mzalishaji kwa taka zinazotokana na bidhaa zake.

Huo ndio msimamo wangu kwa Tanzania: kwa mfuko tumefanya vizuri na tukaze kamba kwa watengenezaji, na kwa chupa tuweke amana na wajibu wa mzalishaji kwa sheria. Ninaomba tu kwamba siku utaratibu huo utakapokuja, amana ilipwe kwa yeyote anayeleta chupa, asiulizwe risiti wala kitambulisho. Waokota makopo wa Dar es Salaam wameifanya kazi hii juani miaka yote bila mshahara wa halmashauri yoyote, na sera itakayowaondoa ili kampuni moja ipewe zabuni itakuwa imewadhulumu watu na kuipoteza nguvukazi inayoujua kila mtaro wa jiji.

Swali: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi ni muuza samaki Feri. Wavuvi wetu wanavuta nyavu zikiwa na mifuko, vizibo na vipande vya kamba pamoja na samaki. Mara kwa mara watu huja kufanya usafi ufukweni, wanapiga picha na kuondoka, na baada ya mvua moja hali ni ileile. Je, usafi huo una maana yoyote?
(Muuza samaki, Feri)

Jibu: Waalaykum salaam. Una maana, ila hauwezi kuwa sera. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Selander. Njiani unapokea taka za nyumba ambazo gari la taka halizifikii, kwa kuwa njia zake ni nyembamba au kwa kuwa gari lenyewe halina ratiba inayoaminika. Kikundi kinachookota ufukweni kinaokota kilichokwisha kupita katika mitaa yote hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba katika mwaka 2010 pekee, tani kati ya milioni 4.8 na milioni 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi zenye pwani, na watafiti walizihusisha moja kwa moja na taka zisizokusanywa ipasavyo karibu na bahari. Kwa sababu hiyo ningependa fedha ya umma itangulie kwenye mikokoteni na maguta ya kuingia vichochoroni, na kwenye vizuizi vya kukamata taka mitoni kabla ya masika. Wanaofanya usafi ufukweni nao wahesabu walichokiokota kwa aina, waipeleke hesabu hiyo kwenye manispaa, maana hapo ndipo inapojulikana ni bidhaa gani inayostahili kuwekewa sheria.

Hesabu za namna hiyo zimewahi kuleta sheria. Umetaja vizibo: chupa ya plastiki ikijaa maji huzama, lakini kizibo chake, ambacho ni cha plastiki nyepesi kuliko maji, huelea na kurudishwa ufukweni na mawimbi. Umoja wa Ulaya ulipoona vizibo ni miongoni mwa taka zinazookotwa sana kwenye fukwe zake, uliamuru kwamba kuanzia Julai 2024 vizibo vya chupa za vinywaji za plastiki hadi ujazo wa lita tatu vibaki vimeshikamana na chupa. Ni agizo linaloweza kuigwa na nchi yoyote yenye viwanda vya vinywaji.

Kamba na nyavu ni jambo la upande wenu. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli unakataza tangu mwaka 1988 kutupa plastiki ya aina yoyote baharini, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwaka 2018 mwongozo wa kuziwekea alama zana za uvuvi ili wavu uliopotea ujulikane ni wa nani. BMU yenu, yaani kikundi cha jamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi, inaweza kuanza na jambo dogo zaidi: mahali pa kuaminika bandarini pa kuacha wavu chakavu, maana wavu wa nailoni ulioachwa majini huendelea kunasa samaki ambao hawatamfaa mtu.

Swali: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Ubungo. Mwalimu wetu wa jiografia alituambia kuna mkataba wa dunia nzima kuhusu plastiki. Umefikia wapi, nao utatusaidia nini?
(Mwanafunzi, Ubungo)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Uamuzi wa kuandaa mkataba huo ulipitishwa Nairobi tarehe 2 Machi 2022, katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na lengo lilikuwa kumaliza majadiliano kabla ya mwaka 2024 kwisha. Kikao cha Busan, Korea Kusini, mwishoni mwa 2024 kilimalizika bila makubaliano, na kile cha Geneva cha Agosti 2025 vilevile. Kinachogombaniwa ni hiki: nchi nyingi, zikiwamo nyingi za Afrika, zinataka mkataba uweke kikomo cha plastiki inayotengenezwa, wakati baadhi ya nchi zinazochimba mafuta na gesi, ambayo ndiyo malighafi ya plastiki, zinataka uzungumzie taka peke yake. Mimi niko upande wa kikomo, kwa sababu kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, zilizowahi kurejelezwa zilikadiriwa kuwa asilimia 9 tu.

Kwa sisi, faida iliyo karibu ni mipakani. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, nasi Bara mwaka 2019, kila mmoja kwa masharti yake, na tofauti hizo ndizo zinazomnufaisha mwenye magendo. Kanuni moja inayofanana ingemfungia njia. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyesubiri mkataba, na Tanzania haina sababu ya kuusubiri ili kuanzisha amana ya chupa.

Swali: Gari la taka haliji mtaani kwetu hata wiki mbili. Je, tukichoma plastiki uani si afadhali kuliko kuiacha iende mtoni?
(Msomaji, Mbagala)

Jibu: Hapana, msichome. Moshi wa plastiki inayochomwa kwa moto mdogo wa uani una sumu, hasa ikiwamo ile ya mabomba na mazulia ya plastiki, ambayo hutoa kemikali ya sumu iitwayo dioksini, na wa kwanza kuuvuta ni watoto wanaocheza hapohapo. Vipande visivyoungua navyo huondoka na mvua. Tengeni makopo yakiwa makavu katika kiroba chake, mbali na maganda na mabaki ya chakula, na mwokota makopo atayachukua bila malipo. Yatakayobaki yatakuwa machache ya kusubiri gari, na ikiwa mnalipa ada ya taka, andikeni kwa pamoja barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mkiambatanisha risiti, mkitaka apeleke malalamiko hayo kwa manispaa ya Temeke kwa maandishi.