"Afraid": neno lililoniumbua Ndosho

Wewe uliyeanza juzi kazi ya ukalimani hapa Goma, nikuonye juu ya neno moja la Kiingereza: "afraid". Kamusi itakuambia maana yake ni mwenye kuogopa. Haikudanganyi, ila haijamaliza.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilisimama mbele ya akina mama kule Ndosho, mtaa mmoja wa hapa Goma. Mgeni akasema: "I'm afraid the trucks won't come today." Nikatafsiri bila kusita: "Anaogopa malori hayatakuja leo." Mama mmoja akaniuliza, "Papa, anaogopa nini?" Kabla sijajibu, huko nyuma walishaanza kunong'ona habari za barabara ya Sake, na wengine wakawa wanaita watoto wao. Mji huu ulikimbia volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, ukaikimbia tena 2021, achilia mbali vita. Muzungu akiogopa, mtu wa Goma hangoji maelezo. Kumbe yule mgeni hakuogopa lolote. Lori lilikuwa limeharibika. Alikuwa anasema tu: "Samahani, malori hayatakuja leo."

Waingereza hutanguliza "I'm afraid" ili kulainisha habari mbaya au kukataa kwa adabu. Sisi tuliosoma Kifaransa hatuna cha kujitetea, maana "je crains que" (naogopa kwamba) hufanya kazi hiyohiyo, na "afraid" lenyewe ni ndugu wa "effrayé" (aliyeogofywa).

Utatofautishaje? Angalia nani anaogopa, na lini. Adabu hiyo kwa kawaida hukaa na "I" au "we", tena wakati uliopo. "She was afraid", "they are afraid": hiyo ni hofu yenyewe, itafsiri hivyo. Ukisikia "very" mbele yake, mtu anatetemeka kweli.

Hofu ya kweli nayo ubadilishe kulingana na kinachofuata. Aliye "afraid to take a moto", yaani pikipiki, haipandi, anatembea kwa miguu. Aliye "afraid of falling" pengine yuko juu yake tayari, ameng'ang'ania koti la dereva. "Afraid for her son" ni mama anayemhofia mwanawe, si anayemwogopa; hapo nimesikia makosa ya ajabu. Na ukiandika ripoti, usiweke "an afraid child". Andika "a frightened child".

Pagumu kuliko pote ni hospitalini. Mama anauliza kama mguu wa mtoto utakatwa, daktari anajibu "I'm afraid so". Mimi husema, "Ndiyo, mama. Pole sana," kisha nanyamaza. Akiuliza kama mguu utapona, na jibu ni "I'm afraid not": "Hapana, mama, samahani." Lakini daktari akisema "I'm afraid it's in the bone", huenda ana hakika na anasikitika, huenda bado anashuku tu. Namgeukia kwanza yeye, namuuliza ni lipi. Mama ananitazama mdomo muda wote huo.