Kompaila imeikataa sifuri yangu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Huu ni mwezi wa tatu najifunza lugha ya programu ya Java. Kitabu changu kinasema kigeu (mahali penye jina pa kuwekea thamani) cha int, yaani cha namba nzima, kisichopewa thamani huwa na sifuri. Nikaandika int jumla; ndani ya main, na mstari wa pili nikaagiza jumla ioneshwe kwenye skrini. Kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri nilichoandika, ikagoma: eti jumla huenda haijapewa thamani. Nikaihamisha juu, nje ya methodi (kipande cha programu chenye jina, kama hiyo main), nikaiwekea neno static, ikatoka 0 bila ubishi. Nikafungua waraka rasmi wa lugha (Java Language Specification) nikatafuta neno default, yakaja matokeo mengi hadi nikakata tamaa. Nani mkweli, kitabu au kompaila? Na jibu limeandikwa wapi?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Marahaba. Wote wawili wakweli, ila kitabu chako kimekuachia sentensi nusu.

Tuanze na kutafuta, maana hapo ndipo ulipopotelea, na mimi miaka ile nilipotelea hapohapo jioni nzima. Kwenye waraka ule neno default lina kazi zake nyingine. Ni tawi la switch linaloshika kila kilichobaki, ni methodi za interfesi zilizoingia na Java 8 mwaka 2014, tena ni thamani za anotesheni. Unachokitaka wewe kimewekwa chini ya kichwa kinachosema "initial values", yaani thamani za awali. Ni kifungu cha 4.12.5, ndani ya sura ya 4 inayohusu aina, thamani na vigeu. Siku hizi nikifungua waraka wowote wa namna hiyo sianzi na kisanduku cha kutafutia. Nasoma kwanza orodha ya yaliyomo, nione wenyewe wanaliitaje jambo langu.

Kifungu chenyewe ni kifupi. Kinataja vigeu vya aina tatu tu vinavyojazwa vyenyewe: vya klasi, yaani kiolezo (hivyo vyako vya static), vya objekti, yaani kitu kinachoundwa kwa kiolezo hicho, na vyumba vya safu, yaani orodha ya thamani za aina moja. Hivyo hupata sifuri ya aina yake, boolean hupata false, na rejeo lolote (kigeu kinachoelekeza kwenye objekti), String ya maandishi ikiwemo, hupata null, yaani halielekezi popote. Kisha, mwishoni kabisa, mahali ambapo msomaji mwenye haraka ameshafunga ukurasa, kinasema kigeu cha ndani ya methodi lazima kipewe thamani kabla ya kutumika, na kinakuelekeza sura ya 16. Sentensi hiyo ndiyo kitabu chako kimeiacha.

Kwa nini ubaguzi huo? Kigeu cha objekti kinaweza kuguswa na methodi kumi, kwa mpangilio wowote, na kompaila haiwezi kujua ipi itatangulia. Kwa hiyo kinajazwa mapema. Cha ndani ya methodi maisha yake yote yako mbele ya macho ya kompaila, inaweza kufuata kila njia kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ikikuta njia moja tu inayofika kwenye matumizi bila kupitia penye kupewa thamani, inakataa.

Ila inavyofuata njia hizo ni kwa kanuni kavu, haikisii. Jaribu hili: int k; int n = 5; if (n > 2) k = 3; halafu ionyeshe k. Mimi na wewe tunaona wazi kwamba 5 inazidi 2. Kompaila inakataa, kwa sababu n ni kigeu cha kawaida na haihesabu kilichomo ndani yake. Sasa rudi uandike final int n = 5; bila kugusa kingine. Inapita! Kwa neno hilo moja n imekuwa thamani thabiti, na n > 2 imekuwa kauli ambayo kompaila inaruhusiwa kuijua jibu lake. Mara ya kwanza kuliona hili nilidhani mashine yangu ina kasoro. Sura ya 16 ni ngumu, sikushauri uimalize, lakini ukishaliona hilo kwa macho yako utaielewa nusu yake.

Kuna thamani moja ya awali iliyoniadhibu, ngoja nikuonye. Kwa char, aina ya herufi moja, waraka unasema '\u0000'. Hiyo si nafasi tupu, wala si tarakimu 0. Niliwahi kutengeneza safu ya char yenye vyumba 20, nikajaza 6, nikaigeuza yote kuwa String na kuilinganisha kwa equals na neno lenye herufi zilezile 6. Kwenye skrini yalifanana kama mapacha, equals ikang'ang'ania false. Nilipouliza urefu ndipo nikaona 20: herufi 14 zisizoonekana zilikuwa zimejibanza mwishoni. Na ya pili, upesi: kigeu cha objekti cha aina ya Integer, chenye I kubwa, huanza na null, si 0. Ukikijumlisha hivyohivyo programu inaanguka.

Usiibebe kanuni hii kwenda lugha nyingine bila kuuliza. Go hukupa sifuri hata ndani ya funksheni, na string yake huanza ikiwa tupu badala ya kuwa null. C hujaza vya static, lakini cha kawaida cha ndani ya funksheni hukiacha na takataka yoyote iliyokuwa kwenye kumbukumbu, na mara nyingi kompaila yake inakupitisha.

Sasa najua utakalofanya: utaandika int jumla = 0; ili kompaila inyamaze. Kwa kigeu chako jumla ni sawa, kujumlisha huanzia sifuri. Lakini kesho ukitafuta namba ndogo kuliko zote kwenye orodha ya 7, 4 na 9, ukaanza na 0 kwa mazoea, programu itakujibu 0, na kompaila haitakuwa na la kusema.