Usikariri picha za midundo ya moyo, pima

Nesi mpya akipangiwa wodi yenye monita, jambo la kwanza ni kutafuta picha za midundo ya moyo na kuanza kuzikariri. Nami nilianza hivyo. Lakini picha za vitabuni zimechaguliwa zile safi tu. Mgonjwa wa kweli anageuka kitandani, anatetemeka kwa homa, kibandiko cha kifuani kinalegea kwa jasho, na mchoro unatoka umevurugika. Kilichonivusha ni kuacha kujiuliza "huu unaitwaje?" na kuanza kupima, kwa utaratibu uleule kila mara.

Miraba ya karatasi ya mchoro kwanza. Kwa kawaida karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mkubwa ni 0.20. Mdundo ukiwa wa mpangilio, gawanya 300 kwa idadi ya miraba mikubwa kati ya R mbili (ncha ndefu za mapigo mawili yanayofuatana): miraba 4 ni mapigo 75 kwa dakika. Usipokuwa na mpangilio, hesabu QRS (mchomo mzima wa kila pigo, ambao R ni ncha yake) zilizomo ndani ya miraba mikubwa 30, yaani sekunde 6, kisha zidisha kwa 10. Namba iliyo pembeni ya skrini usiiamini kwa macho yaliyofumba. T, yaani wimbi linalofuata QRS, ikiwa na kimo kirefu, mashine inaweza kuihesabu kama QRS na kukupa mapigo maradufu.

Kujua kama kuna mpangilio, chukua kipande cha karatasi, weka ukingo wake kwenye ncha za R, tia alama mbili kwa kalamu, halafu sogeza mbele. Alama zikiangukia R kila mara, mpangilio upo. (Bikari ni nzuri zaidi, ila bikari ya wodini huazimwa ikapotea.)

Kisha tafuta P, wimbi dogo la umeme wa atria, vyumba vya juu vya moyo. Hapa tulia, maana maswali mengi magumu hujibiwa hapa. Je, kila QRS imetanguliwa na P? Je, kila P inafuatwa na QRS? Umbali wa PR (tangu P inapoanza hadi QRS inapoanza) ni kati ya sekunde 0.12 na 0.20? Kama P hazionekani kabisa na R zinakuja ovyo, bila mpangilio wowote, fikiria fibrilesheni ya atria, yaani atria zinatetemeka ovyo. Kama mapigo yameganda karibu na 150 na hayabadiliki mgonjwa akipumzika wala akijigeuza, chunguza vizuri mstari ulio kati ya QRS; meno ya msumeno ya flata ya atria (atria zinapiga kasi mno, kwa mpangilio) hupenda kujificha hapo.

Bloku, yaani umeme kuchelewa au kukwama njiani kutoka atria kwenda ventrikali (vyumba vya chini vya moyo), ndizo zilizonisumbua kuliko zote, na ule ukingo wa karatasi ndio ulionifungua macho. Usipime R peke yake, pima na P. Tia alama kwenye P mbili zinazoonekana wazi, kisha tembeza. Utashangaa alama ikiangukia juu ya T yenye nundu kidogo: P ilikuwa imefichwa humo. Ukikuta P zinatembea kwa mwendo wake na QRS kwa mwendo wake, kila moja na safari yake, hiyo ni bloku ya daraja la tatu, yaani bloku kamili. PR ikirefuka hatua kwa hatua hadi QRS moja ikakosekana, ni Wenckebach, aina moja ya bloku ya daraja la pili. PR isipobadilika kisha QRS ikakosekana ghafla, mpigie daktari upesi, kwa sababu aina hiyo huweza kuishia kwenye bloku kamili bila onyo.

QRS ikiwa pana, miraba midogo 3 au zaidi, na mwendo ni wa kasi, weka karatasi chini. Nenda kwa mgonjwa, shika mshipa. Monita inaonyesha umeme wa moyo, haionyeshi kama damu inasukumwa. Mgonjwa anayepiga mswaki anaweza kuchora kitu kinachofanana kabisa na takikadia ya ventrikali (mapigo ya kasi yanayoanzia ventrikali) huku akikutazama kwa mshangao. Na kinyume chake pia kipo: mchoro mzuri kwenye skrini, mshipa haupigi.

Ukimpigia daktari, usijitese kutafuta jina. "Mapigo 38, QRS pana, P hazihusiani na QRS, presha 84 kwa 50, ana kizunguzungu" inatosha kumtoa mtu kitandani. Jina ukilikosea kwenye simu linaweza kumpeleka njia isiyo yake, lakini vipimo havimpotezi.

Kwa mazoezi, omba vipande vya michoro vinavyokwenda kutupwa, kata sehemu yenye jina na namba ya mgonjwa, na uandike jibu lako nyuma kabla ya kumuuliza mzoefu. Changanya na vya sainasi ya kawaida, yaani mdundo wa moyo usio na kasoro, vingi tu. Anayejizoeza kwa vipande vibovu peke yake huanza kuona ugonjwa kila mahali.