Simu ya Marekani, laini ya hapa nyumbani: anayezuia apdeti ni nani?

Mkuu, nikikuelewa vizuri, umenunua Galaxy S21 ya mtumba Kariakoo. Ukiingia kwenye mipangilio kutafuta apdeti unaambiwa simu iko sawa, hakuna jipya, ilhali kiraka cha usalama, yaani sasisho la kuziba matundu ya usalama, kinasoma tarehe ya zaidi ya miaka miwili iliyopita. Binamu yako naye ana S21, anatumia mtandao uleule, na simu yake imeshapanda hadi Android 15. Waliotangulia kukujibu wamekushauri uhamie mtandao mwingine.

Usihame. Utasumbuka bure na simu itabaki palepale.

Mimi ni fundi, meza yangu iko upande wa Mtaa wa Aggrey, na kesi ya namna yako huletwa mara kwa mara na watu waliokwishagombana na huduma kwa wateja wa mtandao wao wa hapa. Kijana wa huduma kwa wateja hana la kuwasaidia, maana sasisho la S21 yako halipiti mikononi mwao. Huku kwetu simu nyingi tunanunua dukani kwa pesa taslimu, laini tunachomeka tunayotaka, kesho tunaitoa. Mtandao unakuuzia bando la kushushia sasisho, basi. Zipo simu chache zinazouzwa na mitandao yenyewe, na zile za mkopo kama za Lipa Mdogo Mdogo kule Kenya ambazo hujifunga usipolipa, lakini yako haiko kundi hilo.

Kwa hiyo kuna mtandao unaokuzuia, ila sio huu unaoulipa. Ni ule ambao simu yako ilitengenezewa, na uko upande wa pili wa Atlantiki.

Shika simu sasa hivi. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu. Pale juu kuna namba ya modeli. Ya binamu yako nakuhakikishia inasoma SM-G991B. Yako, kama ni mzigo wa Marekani, itasoma SM-G991U. Halafu fungua Maelezo ya programu, shuka hadi kwenye toleo la mtoa huduma, utakuta herufi tatutatu zimetenganishwa kwa mkwaju, mfano TMB/TMB/TMB. Hizo ni alama za soko ambalo simu ilitengenezewa: TMB ni T-Mobile ya Marekani, VZW ni Verizon, ATT ni AT&T. Zikisoma SKC, KTC au LUC ujue ni mzigo wa Korea Kusini. Fundi asiye mvivu atakuonyesha hayo kabla hujatoa hela. Muuzaji atakwambia "hii ni original kabisa", na hadanganyi, maana ni original kweli ya Marekani.

Na hapo kwenye U na B usipite haraka. Wewe na binamu yako hamna simu moja. S21 yenye B ndani ina chipu ya Exynos 2100 ya Samsung wenyewe, yenye U ina Snapdragon 888 ya Qualcomm. Kwa nje hata mimi sizitofautishi, ila mafaili yake ya programu hayaingiliani. Akija mtu kukwambia atakupakia "global" ya B kwenye U yako, nyanyua simu uondoke.

Sasa, kwa nini mtandao wa Marekani uwe na sauti kwenye simu iliyoko Mbagala? Fuata sasisho linavyosafiri. Google wakimaliza toleo jipya, wenye chipu wanaandaa sehemu yao, kisha mtengenezaji wa simu anapachika muonekano wake na kamera yake. Kwa simu ya B safari inakaribia kuishia hapo, seva za Samsung zinaanza kugawa nchi kwa nchi. Kwa simu ya U iliyotengenezewa mtandao fulani, kuna kituo kingine: mtandao unachukua lile sasisho, unalipima kwenye mitambo yake, na bila mtandao kusema ndiyo, halitoki.

Kupima kwenyewe kuna sababu, tuwe wakweli. Ndani ya sasisho kuna programu ya modemu, sehemu ya simu inayoongea na minara. Ikiwa na kasoro, simu inaweza kushindwa kupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, kupiga kupitia 4G au Wi-Fi kukawa kunakatika, simu ikahama mnara mmoja kwenda mwingine ikadondosha mazungumzo. Wateja hawatawapigia Google kulalamika, watafurika madukani kwa mtandao. Sehemu hiyo siwalaumu. Ninachowalaumu ni kwamba foleni ya kupima inapangwa kwa maslahi. Simu inayouzwa sasa inatangulia, iliyokwisha kuuzwa inasubiri, na kila mtandao ulikuwa na programu zake za kubandika ambazo nazo lazima zipimwe upya. Na mtengenezaji atagombana vipi na mtandao ambao ndio unamnunulia simu kwa mamilioni na kuziuza kwa mkataba?

Kama unadhani natia chumvi, soma habari za Galaxy Nexus. Ilikuwa simu ya Google mwenyewe, iliyokusudiwa kupata matoleo mapya kabla ya wengine wote. Matoleo ya GSM, yasiyo ya mtandao wa Verizon, yalianza kupata Android 4.1 Julai 2012. Wenye toleo la Verizon walisubiri hadi Septemba. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenye mkutano wa Google wa Mei 2011, mitandao mikubwa ya Marekani na watengenezaji walisimama pamoja kuahidi kwamba simu mpya zitapata masasisho kwa miezi 18. Ile ahadi ilififia kimyakimya. Ilipofika Aprili 2013, shirika la haki za kiraia la ACLU lilipeleka malalamiko kwa tume ya biashara ya Marekani, FTC, likiitaja mitandao minne mikubwa kwa kuwaachia wateja simu za Android zenye matundu ya usalama yanayojulikana.

Lakini kisa kinachonionyesha nani hasa mwenye funguo ni cha Galaxy Note 7, zile simu za Samsung zilizokuwa zinashika moto. Desemba 2016 Samsung walitangaza sasisho la kuzima uwezo wa kuchaji simu zilizobaki Marekani, ili watu wazirudishe kwa lazima. Verizon wakajibu siku ileile kwamba hawatalipeleka, wakisema hawataki mteja akose simu ya dharura msimu wa sikukuu. Baadaye walikubali, na lilitoka Januari 2017. Unaweza kubishana nani alikuwa na haki, mimi mwenyewe naona Verizon walikuwa na hoja. Ila angalia: mtengenezaji anasema simu hii ni hatari, nataka kuizima, na mtandao unamwambia ngoja kwanza. Kama waliweza kusimamisha hilo, kiraka chako cha usalama ni kitu gani?

Wenye iPhone watakuja kutucheka hapa, na wana haki. Apple walipoingia sokoni mwaka 2007 kwa mkono wa mtandao mmoja tu wa Marekani, walihakikisha sasisho linabaki mikononi mwao. Ndiyo maana iOS mpya inawafikia wa Dar, Muscat na Minneapolis siku moja. Mitandao iliachiwa kifaili kidogo cha mipangilio yao, kile kinachotokea na ujumbe wa kuomba kusasisha mipangilio ya mtoa huduma. Na bado hata kwa iPhone mtandao haujatoka kabisa: unaweza kuwa na simu yenye 5G na mnara wa 5G nje ya dirisha, lakini mpaka Apple na mtandao wako wakubaliane, alama ya 5G hutaiona.

Kwa upande wa Android mambo yamepungua ukali. Kilichowashtua watu ni Stagefright, Julai 2015, kasoro iliyoruhusu simu kuvamiwa kwa ujumbe wa picha au video (MMS) tu. Google na Samsung wakatangaza viraka vya kila mwezi mwezi uliofuata. Kisha ukaja mpango wa Treble na Android 8 mwaka 2017, uliotenganisha sehemu ya chipu na sehemu ya mfumo ili mtengenezaji asianze upya kila toleo. Tangu Android 10 sehemu kadhaa za mfumo zinasasishwa kupitia Google Play, hakuna mtandao unaoulizwa. Ndiyo maana simu yako ina tarehe mbili: sasisho la mfumo wa Google Play na kiraka cha usalama. Ya kwanza huenda ni ya karibuni. Watu huiona hiyo wakadhani wako salama. Ya pili ndiyo inayobeba matundu ya ndani zaidi, na ndiyo iliyokwama.

FTC nao walichunguza, wakatoa ripoti Februari 2018, wakashauri watengenezaji wafikirie kuwaambia wanunuzi mapema simu itapata masasisho kwa muda gani. Leo Samsung na Google wanatangaza miaka saba kwa simu zao za juu, kuanzia Galaxy S24 na Pixel 8. Vizuri. Lakini miaka saba ya kwenye boksi haisemi chochote juu ya simu iliyovuka bahari ikaacha mtandao wake nyuma.

Maana hapo ndipo penye tatizo lako lenyewe. Mitandao mingine ya Marekani hupeleka sasisho kwa simu yenye laini yake tu, ikiwa kwenye mtandao wake. Juzi ililetwa mezani S21 ya dada mmoja mwalimu. Ukiiwasha inatoa nembo ya mtandao wa Marekani kwa mlio wake wote, halafu inatulia kwenye laini ya hapa. Amebonyeza "pakua na usakinishe" hadi amechoka, kila mara jibu ni lilelile la kwamba hakuna sasisho. Seva iliuliza: wewe ni mteja wetu? Laini ikajibu kwa namba za Tanzania. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nilisoma naye mkia wa namba ya programu, ile iliyoko kwenye Maelezo ya programu, na wewe usome wako. Chukua herufi tano za mwisho. Tuseme ni 5CVGB. Ile 5 ni kizazi cha programu inayoiwasha simu, na ukishapanda hushuki, kwa hiyo fundi akitaka kukupakia faili lenye namba ndogo kuliko hiyo litagoma. Herufi ya V ni mwaka 2022, W ni 2023, X ni 2024. Inayofuata ni mwezi, A ikiwa Januari, kwa hiyo G ni Julai. Ukisikia mtu anakwambia "hii imeapdetiwa jana" na mkia unasoma VG, unajua cha kumjibu.

Tiba ipo. Samsung wanauza Marekani S21 isiyo na mtandao, SM-G991U1. Chipu ni ileile ya U, na faili lake rasmi linaingia kwenye simu ya U kupitia kompyuta kwa Odin, programu ya kupakia mfumo kwenye simu za Samsung. Dada wa watu nilimhamishia picha na namba zake kwanza, maana faili la CSC, lile lenye mipangilio ya soko na mtandao, linafuta kila kitu, nikampakia U1 yenye kizazi sawa na kilichokuwepo. Ilipowaka, nembo ya mtandao ilikuwa imeondoka na zile programu zao hazipo. Akaunganisha Wi-Fi, sasisho likaanza kushuka palepale mezani. Faili ni rasmi la Samsung, Knox, ulinzi wa ndani wa Samsung, haiguswi, programu za benki zinaendelea kufanya kazi.

Mambo mawili usije kuniuliza baadaye. Kama simu yako bado imefungwa mtandao, kupakia U1 hakuifungui, hiyo ni kazi nyingine. Na kupiga kwa 4G: simu nyingi za U zikipiga huku zinashuka hadi 3G au 2G, kwa sababu mipangilio ya mitandao yetu haimo ndani yake. U1 inaweza isibadilishe hilo. Hapo, na hapo tu, mtandao wako wa hapa una mchango, kwa kuwa ni wao na mtengenezaji wanaokubaliana modeli zipi ziruhusiwe, na modeli za Marekani haziko kwenye mawazo yao.

Usitarajie Android 16 pia. Ahadi ya S21 ilikuwa matoleo makubwa manne, ilitoka na 11 ikaishia 15.

Weka hapa picha ya ule mstari wenye herufi tatutatu na mkia wa namba ya programu, IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, uifunike. Ikiwa ni U nitakutajia faili la kutafuta. Ikiwa modeli inaishia na N, yaani ya Korea, habari ya U1 haikuhusu, usimruhusu mtu akujaribishie.